Kabla ya Kufungua Paybill ya India

Haipiti wiki simu yangu isiingie bango la mchango. Picha ya mgonjwa kitandani, mpira puani, namba ya paybill kwa herufi nyekundu, na chini yake maneno mawili matatu ya kitabibu ambayo hata aliyeyaandika hajui maana yake. Zamani ilikuwa "anahitaji kupandikizwa uboho". Siku hizi imeongezeka "anahitaji imunotherapia". Kiasi kinachotakiwa ni milioni tatu, tano, nane. Na sisi watu wa Pwani kwa kuchanga hatujambo. Tutatoa mia, tutatoa elfu, sanduku litapita msikitini baada ya swala ya Ijumaa, jamaa walioko Jeddah na Muscat watatuma chao, na mwenye ploti Mtwapa au Likoni ataiuza kwa bei ya kutupa kwa sababu mgonjwa hangoji soko.

Kuchanga sina ugomvi nako. Ugomvi wangu ni kwamba twachanga kwanza, halafu ndipo twauliza.

Nasema hivi kwa sababu nimewahi kuwa mweka hazina wa kamati moja ya aina hiyo. Kijana wa jirani yetu, miaka 19, alipatikana na lukemia, yaani saratani ya damu. Kemo ilimtuliza, lakini daktari akasema ugonjwa umelala tu, utarudi, na njia iliyobaki ni uboho wa mtu mwingine. Haikupita siku tatu akaja ajenti wa hospitali za nje na karatasi ya makadirio iliyopigwa chapa vizuri, ina rangi na nembo. Akasema: njooni na ndugu mmoja wa kutoa uboho, mengine tutayamaliza kulekule.

Kijana ana ndugu watatu wa baba mmoja na mama mmoja, kaka mmoja na dada wawili. Akachaguliwa kaka. Kwa nini kaka? Kwa sababu ni mwanamume, na kwa sababu alikuwa tayari ana pasipoti aliyoitoa alipotaka kwenda Qatar kutafuta kazi. Hakuna aliyempima chochote. Mimi nilihesabu pesa za watu hadi shilingi ya mwisho, nikaandika kila jina kwenye daftari, na sikuuliza swali hata moja kuhusu damu.

Walipofika kule wakapimwa, na kaka hakulingana na mgonjwa. Dada mkubwa, aliyebaki Mombasa akiangalia watoto wa nyumba nzima, ndiye aliyelingana kikamilifu. Hapo ikaanza safari ya pasipoti, na mwajua wenyewe safari ya pasipoti kwetu ilivyo. Cheti cha kuzaliwa kina jina la baba kwa herufi moja tofauti na kitambulisho, basi rudi, nenda, leta babu. Zikapita wiki tisa. Wiki zote hizo kijana, mamake na kakake wanalipa chumba karibu na hospitali. Wiki ya saba ugonjwa ukaamka, ikabidi apigwe kemo nyingine ambayo haikuwa kwenye hesabu yangu wala ya ajenti. Pesa ya uboho ikaliwa na kemo, tukarudi kwenye simu za watu kuomba upya.

Kipimo ambacho kingetuokoa wiki tisa hizo ni damu kidogo, au hata kupitisha pamba ndani ya shavu. Kinaitwa kipimo cha HLA. Maabara za Nairobi huchukua sampuli zake, na kingefanywa kwa ndugu wote watatu kabla ya tiketi kukatwa. Gharama yake, ukiiweka kando ya tiketi za ndege za watu watatu, ni ndogo.

Basi nieleze nilichojifunza, kwa lugha yetu, kwa sababu karatasi wanazopewa wagonjwa wetu zimeandikwa kwa lugha isiyoeleweka hata na sisi tuliosoma kidogo.

Uboho ni ule ute ulio ndani ya mifupa, unaoujua kama umewahi kufyonza mfupa wa mbuzi. Humo ndimo damu inamotengenezwa: chembe nyekundu za kubeba hewa, chembe nyeupe za kupigana na maradhi, na vigandisha damu. Vyote vyatoka kwa seli chache zinazoitwa seli shina. Kiwanda kikiharibika au kikianza kutoa chembe mbovu, madaktari hukifunga kabisa kwa kemo kali, wakati mwingine na mionzi, kisha hutia seli shina mpya. Watu hudhani ni upasuaji. Sivyo. Kwa mgonjwa, uboho huingia kwa mpira wa mkononi au kifuani kama anavyotiwa damu ya kawaida, na seli zenyewe hutafuta njia ya kwenda kwenye mifupa. Daktari wa kwanza kuonyesha njia hii alikuwa Mmarekani E. Donnall Thomas, katika miaka ya 1950, naye akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1990.

Kuna aina mbili, na tofauti yake ni kubwa mno kwa mfuko. Ya kwanza mgonjwa hutolewa seli zake mwenyewe, zikagandishwa kwa baridi, akapigwa kemo kali, kisha akarudishiwa. Hii hutumika sana kwa mayeloma na baadhi ya limfoma. Haihitaji mtoaji, na hatari yake ni ndogo kiasi. Ya pili seli hutoka kwa mtu mwingine, na hiyo ndiyo ya lukemia nyingi, ya uboho uliokauka, na ya selimundu, ugonjwa ambao mitaani twauita siko seli. Ukiona bango limeandikwa "kupandikizwa uboho" tu, bado hujui ni ipi kati ya hizo mbili. Swali la kwanza la kamati liwe hilo.

Kwa aina ya pili, kulingana kwa HLA si sawa na kulingana kwa kundi la damu. Watu wawili waweza kuwa wote O na wasilingane kabisa, na watu wa makundi tofauti ya damu wakalingana. Tena mgonjwa wa A akipata uboho wa mtu wa O, baada ya miezi damu yake hugeuka kuwa O. HLA twarithi nusu kwa baba na nusu kwa mama. Kwa hiyo kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kwa nne ya kulingana kikamilifu. Mgonjwa mwenye ndugu watatu wa namna hiyo, nafasi ya kumpata angalau mmoja ni asilimia 58 hivi. Mwenye watano, 76.

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi hasa. Nyumba zetu zina ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali, na ndugu wa mama mmoja ambao baba zao ni wawili. Kwa mapenzi ni ndugu, hakuna atakayebisha. Kwa HLA hao ni nusu tu, na ni nadra kulingana kikamilifu. Familia yaweza kusema mgonjwa ana ndugu tisa, ukihesabu wa baba na mama mmoja ukapata wawili. Daktari wa kigeni hajui mambo hayo, asipoambiwa hataelewa. Kwa upande mwingine, mahali ambapo binamu wameoana vizazi viwili vitatu, huenda mtu anayelingana akapatikana hata kwa wazazi au kwa watoto wa ami. Semeni ukoo wenu ulivyo, msione haya.

Asipopatikana ndugu, miaka hii madaktari hutumia mtoaji wa nusu, yaani mama, baba au mtoto wa mgonjwa. Zamani ilikuwa hatari sana, sasa hufanywa sana, India ikiwemo, ingawa dawa zake ni nyingi na bei hupanda. Njia nyingine ni sajili za dunia za watu waliojitolea. Lakini majina mengi humo ni ya watu wa asili ya Ulaya. Sajili kubwa ya Marekani yenyewe husema mgonjwa mweupe ana nafasi ya asilimia 79 kupata wa kulingana naye humo, na mgonjwa mweusi asilimia 29. Na hiyo ni Marekani, waliko mamilioni ya watu weusi. Mtu wa Kwale au Lamu mwenye damu ya Kimijikenda, Kibajuni na Kihadhrami kwa pamoja, atafute wapi kama si nyumbani kwao?

Mtoaji naye ana hofu zake, na hofu isiyosemwa ndiyo inayoharibu mambo. Kaka wa yule kijana aliniuliza faraghani, kabla ya kusafiri, kama atapoteza nguvu za kiume. Hapotezi. Uboho hautolewi kwenye uti wa mgongo. Hutolewa kwenye mfupa wa nyonga, mtoaji akiwa amelazwa kwa dawa, au siku hizi mara nyingi zaidi hutolewa kwenye damu: hudungwa sindano siku nne au tano ili seli zimwagike kwenye mishipa, kisha damu yake hupitishwa kwenye mashine ikachukua seli na kumrudishia iliyobaki. Ataumwa na mifupa siku kadhaa kama mwenye homa. Mwili hurudisha kilichotolewa ndani ya wiki chache.

Na suala la dini huulizwa kila mara, kwa hivyo nilijibu. Baraza la fikihi la nchi za Kiislamu lilikaa Jeddah mwaka 1988 likasema kiungo kinachojirudisha chenyewe, kama damu na ngozi, chafaa kuhamishwa kutoka kwa mtu hadi mwingine, kwa masharti yake ya kisheria. Mwenye wasiwasi na amuulize sheikh wake, ila amuulize mapema, si usiku wa kuamkia safari. Kuna bi mkubwa mmoja aliuliza kama dada akimpa kakake damu inakuwa kama kunyonya ziwa moja. Hao walikuwa ndugu tayari, tukacheka. Lakini kwa wasio ndugu, umahramu hauji kwa damu.

Lisilosemwa kwenye mabango ni kwamba siku ya kutiwa uboho ndiyo mwanzo. Wiki mbili hadi nne mgonjwa hana kinga hata kidogo. Miezi mitatu ya mwanzo, madaktari huihesabu kama siku 100, yuko hatarini, na atakiwa akae karibu na hospitali. Hatari kubwa ya seli za mtu mwingine ni kwamba kinga mpya yaweza kumwona mgonjwa mwenyewe kuwa adui, ikaishambulia ngozi yake, tumbo, ini, macho. Hiyo huweza kuja mapema au baada ya mwaka. Ili kuizuia, humeza dawa za kushusha kinga kwa miezi mingi. Dawa hizo huendelea kununuliwa akiwa Mombasa, na sijaona bango hata moja lililozihesabu.

Kuna swali jingine gumu la kuulizwa kabla ya kemo kali haijaanza, nalo ni la uzazi. Kemo hiyo mara nyingi huua uwezo wa kuzaa. Mvulana aliyebaleghe aweza kuhifadhiwa mbegu zake kabla, na kwa msichana ziko njia lakini zahitaji muda. Wazazi wetu huona haya kuuliza mbele ya mtoto, na daktari asipoulizwa huenda akanyamaza. Miaka mitano baadaye kijana anataka kuoa, ndipo anajua.

Halafu mgonjwa anarudi nyumbani, na nyumbani ni Pwani. Kumzuru mgonjwa ni haki yake juu yetu, lakini mtu wa siku ya 110 akijaziwa sebule ya watu 30 wanaokohoa, na watoto, na kila mmoja anamshika mkono, hiyo si ziara. Mamake yule kijana aliweka kiti nje ya mlango, akawa anatoa maziwa ya tangawizi na shukrani, na dirisha liko wazi mgonjwa anapunga mkono. Watu wawili watatu walinuna. Chakula cha njiani pia hakimfai: viazi karai, achari, maembe mabichi yaliyokatwa barabarani. Balungi asile kabisa akiwa kwenye zile dawa za kushusha kinga, kwa sababu huzipandisha kwenye damu zikadhuru figo. Paka, tuliojaliwa nao kila kichochoro cha Mji wa Kale, waweza kubaki, lakini kinyesi chao asisafishe yeye. Vumbi la nyumba kongwe inayobomolewa lina ukungu unaoingia mapafuni. Dua asomewe, na akinywa kombe basi maji yake yawe yamechemshwa. Habasoda, mlonge na dawa nyingine za miti aonyeshwe daktari kwanza.

Kufunga Ramadhani pia ni la kuuliza. Dawa hizo humezwa kila baada ya saa 12, na mfungo wetu ni saa 13 na zaidi, tena figo zinataka maji. Na chanjo zote za utotoni hufutika pamoja na uboho wa zamani. Hurudiwa kuanzia miezi sita hadi mwaka, na zile chanjo hai, kama ya surua na homa ya manjano, kwa kawaida hungoja miaka miwili. Anayepanga Hija aweke hesabu hiyo.

Nikija kwenye selimundu, ugonjwa ambao Pwani umejaa kwa sababu chembechembe yake moja humkinga mtoto na malaria, mambo ni tofauti kidogo. Uboho wa ndugu aliyelingana humponya mtoto, na matokeo yake ni mazuri: zaidi ya tisa kwa kumi huwa hai. Ndugu mwenye chembechembe moja tu, asiyeumwa, aweza kutoa. Lakini mtoto aliye wastani, kabla ya kuuzwa chochote, aulizwe kama anameza haidroksiurea. Utafiti mkubwa wa dawa hiyo kwa watoto wa Afrika ulifanywa nchi nne, na moja ya vituo vilikuwa hapa kwetu Kilifi. Majibu yalitoka 2019: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, malaria ilipungua, na vifo pia. Ni kidonge cha kila siku. Nimeona familia inayotafuta milioni nne za uboho na mtoto hajawahi kupewa kidonge hicho.

Na si lazima kila safari iwe ya India. Tanzania, Muhimbili ilitangulia kupandikiza uboho, na hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma ilianza kuwapandikizia watoto wa selimundu mwaka 2023. Ni Waswahili wenzetu, lugha moja, na hakuna visa. Angalau iulizwe. Kwa India, bei zinazotajwa mara nyingi kwa uboho wa ndugu ni dola 20,000 hadi 35,000, na hiyo ni ya hospitali peke yake, mambo yakienda sawa. Ongeza chumba cha miezi mitatu minne, chakula, tiketi, na akiba ya mambo yasipokwenda sawa. Sisi hatukuweka akiba.

Sasa imunotherapia, ambayo naona ndiyo itakayotumaliza pesa miaka hii. Jina lake laleta matatizo. Watu husikia "kinga" wakadhani ni kuongeza kinga, kama zile poda na chupa zinazouzwa mitandaoni. Siyo. Kinga ya mtu ina breki zake, ili isimle mwenyewe. Saratani nyingine hujificha kwa kuzikanyaga breki hizo. Dawa hizi mpya huzifungua breki ili kinga iione saratani na kuishambulia. Waliogundua njia hiyo, James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, walipata Nobel mwaka 2018. Wazo la kutumia kinga lenyewe si geni: ile chanjo ya BCG, iliyoacha kovu mkononi kwako, imekuwa ikitiwa kwenye kibofu cha wagonjwa wa saratani ya kibofu tangu miaka ya 1970, na mpaka leo hutumika. Na hata uboho wa mtu mwingine ni tiba ya kinga kwa namna yake, kwani chembe za mtoaji ndizo huwinda lukemia iliyobaki.

Jambo la kushika ni kuwa dawa hizi hazifanyi kazi kwa kila saratani, wala kwa kila mgonjwa wa saratani ileile. Limfoma ya Hodgkin huitikia vizuri. Saratani ya ngozi iitwayo melanoma, ya mapafu, ya figo, baadhi yake huitikia. Ya utumbo mpana, ni wachache tu ambao uvimbe wao una alama fulani. Ili kujua, kipande cha uvimbe hupimwa: PD-L1 kwa baadhi, MSI kwa wengine. Daktari au ajenti akikwambia "mpeni imunotherapia" na hakuna karatasi ya vipimo hivyo wala maelezo kwa nini havihitajiki, fungeni mkoba kwanza. Mfano ulio karibu nasi ni Herceptin, ambayo ni kinga ya kutengenezwa maabara kwa saratani ya matiti. Mwaka 2025 Wizara ya Afya na kampuni ya Roche walitangaza kuwa dozi iliyokuwa shilingi 120,000 itakuwa 40,000, na hizo zinalipwa na SHA. Ni habari njema sana. Lakini yawafaa tu wenye alama ya HER2, ambao ni kama mmoja kati ya watano. Bila kipimo hicho, mama atalilia dawa isiyomhusu.

Hesabu yake pia si ya mara moja. Pembrolizumabu, dawa inayojulikana kwa jina la Keytruda, hutolewa kila wiki tatu au kila wiki sita, na huenda ikaendelea hadi miaka miwili. Ya kila wiki tatu ni dozi 17 kwa mwaka. Tuseme tu dozi moja ni laki tatu: mwaka mmoja ni shilingi milioni 5.1. SHA ilipoanza Oktoba 2024, kiwango cha saratani kilikuwa shilingi 550,000 kwa nyumba nzima kwa mwaka, yaani 400,000 za mfuko mkuu na 150,000 za mfuko wa maradhi sugu. Viwango hubadilika, kwa hivyo nendeni dawati la SHA hospitalini muulize cha leo, na mtakiwa muwe mmelipa michango ya mwaka. Kuchangia dozi mbili halafu kukwama ni kumpa mgonjwa matumaini ya wiki sita.

Na nitasema jambo ambalo naomba kila mwenye mgonjwa kwenye dawa hizi alishike. Breki zikifunguliwa, kinga yaweza kushambulia utumbo, mapafu, ini, tezi ya shingo, hata kongosho mtu akawa na sukari ghafla. Huweza kutokea wiki ya pili, huweza kutokea miezi baada ya dawa kusimamishwa. Sasa fikiria mgonjwa huyo yuko Malindi, anaharisha mara saba kwa siku. Kwetu kuharisha ni amiba, ni taifodi, ni maji ya kisima. Ataenda duka la dawa, apewe Flagyl na dawa ya kufunga tumbo, na huku utumbo wake unashambuliwa na kinga yake mwenyewe na dawa anayohitaji ni steroidi, tena haraka. Akikohoa ataambiwa TB. Akichoka ataambiwa upungufu wa damu. Daktari wa zamu usiku hawezi kujua usipomwambia. Andikeni kwenye kadi jina la dawa, tarehe ya dozi ya mwisho na namba ya daktari wake, na kadi ikae kwenye pochi ya mgonjwa, si kabatini.

Na mgonjwa aliyewahi kupandikizwa uboho wa mtu mwingine asipewe dawa hizi na mtu asiyejua historia hiyo. Kufungua breki za kinga ya mtoaji kwaweza kuamsha yale mashambulizi ya ngozi na ini upya.

Siku hizi kuna pia CAR-T. Chembe za kinga za mgonjwa hutolewa, hufundishwa maabara kuitambua saratani, kisha hurudishwa. Ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2017 bei yake ilikuwa dola 475,000. India iliidhinisha ya kwao, NexCAR19, Oktoba 2023, kwa bei ya karibu sehemu moja ya kumi ya ile ya Marekani. Bado ni mamilioni ya shilingi zetu, na ni kwa aina fulani za lukemia na limfoma zilizorudi baada ya tiba nyingine. Ajenti wameshaanza kuitaja hapa mjini kama dawa ya saratani yoyote.

Ajenti hao wengi hulipwa na hospitali kwa kila mgonjwa wanayempeleka. Si haramu, na wapo wanaosaidia watu kwa kweli. Lakini mtu anayelipwa ukisafiri si wa kumuuliza kama usafiri. Mpelekeeni daktari mwingine wa damu au wa saratani, hapa nchini, faili nzima: majibu ya kipande kilichokatwa, vipimo vya alama, kemo aliyopewa na tarehe zake. Muulizeni: lengo ni kumponya au kumwongezea muda? Kati ya wagonjwa kumi kama huyu, wangapi huwa hai baada ya miaka miwili? Tusipofanya, kitatokea nini? Jibu huenda likauma. Wazee wetu wengine watasema umri uko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na ni kweli, lakini ploti iko mikononi mwetu, na watoto wengine wanaishi juu yake.

Yule kijana yuko hai, alhamdulillahi. Uboho wa dadake ulishika. Ngozi yake ina mabaka na hawezi kukaa juani, macho humkauka, na bado anameza dawa. Familia ilimaliza kulipa hospitali lakini ina deni la watu wawili, na nyumba ya nyuma imepangishwa ili kulilipa. Kaka hakwenda Qatar.

Kamati yetu ipo bado. Siku hizi hatufungui paybill mpaka tuone karatasi tatu: jina kamili la ugonjwa na kipimo kilichouthibitisha, majibu ya HLA ya ndugu wote kama ni uboho, au ya alama za uvimbe kama ni imunotherapia, na barua ya daktari wa pili. Mwezi uliopita ilikuja familia moja kutoka Kisauni na makadirio ya rangi na nembo, ileile karatasi ninayoijua. Walikasirika nilipowauliza ndugu wamepimwa. Ami ya mgonjwa akasema, "Mwalimu, mgonjwa anakufa nyinyi mwataka makaratasi?" Nikampa namba ya maabara. Jana jioni amenipigia, amesema wamewapima wote wanne, na majibu yatatoka baada ya siku kumi.